Kabla boti haijagusa maji: kuomba hataza ya umbo la bodi ukiwa Kigoma

Ufukweni Ujiji boti haina siri. Ikishapinduliwa ili ipakwe rangi, mtu yeyote anaweza kupita na uzi, akalipima tumbo lake na kwenda zake. Injini utaifungia stoo, nyavu utazifunika turubai, lakini umbo la bodi, yaani mwili wa boti wenyewe, linalala wazi mchangani mpaka asubuhi. Kwa hiyo aliyebuni umbo jipya hana mlango wa kufunga. Ana karatasi tu, yaani hataza (patent), haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze ulichobuni bila ruhusa yako, na karatasi hiyo lazima itangulie, boti ifuate.

Sisi tulianza na boti. Mjomba wangu ni fundi Ujiji, mimi nilisomea uchoraji wa mitambo, na michoro yake naichora mimi. Miaka kadhaa iliyopita alitengeneza boti ya abiria yenye handaki tezini, yaani upande wa nyuma, ili propela ikae juu kidogo isisage mchanga kila inapokaribia kijiji kisicho na gati. Siku ya kuishusha tulichinja mbuzi. Watu wakarekodi. Kabla ya magharibi video ilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Kibirizi hapa Kigoma hadi Kalemie, Kongo. Miezi minane baadaye nilipokwenda kuulizia hataza, swali la kwanza nililokutana nalo lilikuwa moja: "Imeshaonekana hadharani?" Safari ikaishia hapo. Waliotuharibia walikuwa wageni wetu wenyewe, na mbuzi tuliwachinjia sisi.

Mara ya pili tulifuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Jua unachotaka kulinda

Hataza hutolewa kwa suluhisho la kiufundi. Tanzania Bara inasimamiwa na Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, na ofisi yake ni BRELA, wale wale tunaosajilia majina ya biashara. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao. Uvumbuzi hupimwa kwa mambo matatu: uwe mpya duniani kote, usiwe jambo ambalo fundi yeyote mzoefu angelifikia bila kuumiza kichwa, na uweze kutengenezwa na kutumika.

Kipimo cha pili ndicho kinachowaangusha mafundi wetu. Ukiirefusha boti ya mita 9 ikawa ya mita 11, huo si uvumbuzi. Ukihama kutoka mninga kwenda faiba bila kingine kubadilika, vivyo hivyo. Chukua karatasi ujibu maswali matatu: tatizo ni lipi, sehemu gani ya umbo inalitatua, na inalitatua vipi majini. Kama jibu la swali la tatu ni "linapendeza", unachohitaji ni ulinzi wa mwonekano, ambao ni mlango mwingine kabisa. Na ulinzi wa mwonekano hauligusi umbo lililolazimishwa na kazi yake.

Usidhani kwamba hataza ni ya wenye viwanda peke yao. Abraham Lincoln, kabla hajawa rais wa Marekani, alipewa hataza namba 6,469 tarehe 22 Mei 1849, kwa kifaa cha kuinua boti inapokwama kwenye maji mafupi. Kifaa chenyewe hakikuwahi kuingia sokoni, jambo ambalo nalo lina somo lake, na nitalirudia huko mbele.

Hatua ya 2: Funga mdomo, na wafunge wenzako

Kuonyesha hadharani si lazima iwe gazetini. Boti ikielea Kibirizi mbele ya wapita njia, imeonyeshwa. Ukimweleza tajiri wa mitumbwi ufukweni bila makubaliano ya siri, umeonyesha. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa kuwasilisha ombi baada ya yeye mwenyewe kutangaza, Ulaya hawana msamaha wa namna hiyo. Usijenge mipango yako juu ya msamaha.

Mwaka 1983 Waaustralia walipopeleka mashua yao Australia II kwenye mashindano ya America's Cup huko Newport, Marekani, mkuku wake, ule uti wa chini ya tumbo, ulikuwa na mabawa. Kila ilipopandishwa kutoka majini waliuzungushia vitambaa hadi chini, na wapinzani wakabaki kubahatisha. Wakashinda kombe ambalo Wamarekani walikuwa wamelishikilia kwa miaka 132. Kama wale walihitaji kitambaa, wewe tafuta uzio wa mabati na uachane na mambo ya kupiga selfi na boti.

Andika makubaliano ya siri kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha: nani anaonyeshwa nini, kwa kazi gani, na kwamba hatasema wala kutengeneza. Asaini fundi, msaidizi wake, mwenye karakana, mwenye mbao kama ameona, na shahidi. Hapo hapo malizeni suala la umiliki, maana huko mbele litawagombanisha. Fundi aliyebuni ndiye mvumbuzi. Tajiri aliyelipia mbao hawi mvumbuzi kwa sababu ya hela yake, ingawa mnaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba haki ni ya wote wawili. Mimi niliyechora michoro nilikuwa mchoraji tu, mpaka siku ile nilipopendekeza mifereji nitakayoielezea hapa chini. Mjomba alinitazama akasema, "Haya, mpwa, jina lako liingie, lakini la kwangu litangulie." Likatangulia.

Hatua ya 3: Jaribu kwa boti ndogo

Utajuaje umbo linafanya kazi kama huruhusiwi kulishusha majini? Hapa ndipo William Froude, mhandisi Mwingereza wa karne ya 19, anapotufaa. Mwaka 1867 alivuta majini modeli mbili zenye maumbo tofauti, alizoziita Swan na Raven, akaonyesha kwamba boti ndogo inaweza kueleza habari za boti kubwa ukiivuta kwa mwendo unaolingana nayo. Kanuni yake ni rahisi: ukipunguza urefu mara 9, punguza mwendo mara 3, kwa kuwa 3 ndicho kipeuo cha pili cha 9. Uzito nao upunguze mara 9 × 9 × 9, yaani 729.

Boti yetu ina mita 9 kwenye mstari wa maji, na ikiwa na shehena ina uzito wa karibu tani 3. Modeli ikawa ya mita 1, uzito kilo 4 na kidogo, tukaijazia mchanga ndani ya vifuko mpaka mizani ikatulia. Boti kubwa hutembea kilomita 12 kwa saa, kwa hiyo modeli inavutwa kwa kilomita 4 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka.

Tulitengeneza modeli mbili zenye urefu mmoja na uzito mmoja, moja ya umbo la kawaida na nyingine ya umbo letu. Chukua fito ya mita 2, itoboe katikati kabisa na uitundike ili izunguke kwenye msumari uliopigwa kwenye ncha ya upondo (mti wa kusukumia mtumbwi). Kila ncha ya fito funga uzi wa kuvutia modeli moja, nyuzi zilingane. Alfajiri, kabla upepo haujaamka, mmoja anatembea kwenye maji ya magotini sambamba na ufukwe akiwa ameushika upondo mbele yake, modeli zikiwa pembeni mbali na miguu. Modeli inayozuiwa kidogo na maji itaisogeza ncha yake mbele, inayozuiwa sana itabaki nyuma. Badilisha pande, rudia. Fito ikiendelea kupendelea modeli ile ile, umepata jibu. Ukitaka namba, vuta moja moja kwa mizani ya ndoano ndogo, ile inayosoma gramu.

Msuguano wa maji hautii kanuni hii ya Froude, kwa hiyo usitangaze kwamba "boti yangu inaokoa mafuta asilimia fulani" kwa sababu ya modeli ya mita moja. Modeli inakuambia lipi bora kati ya mawili, basi. Tarehe, hali ya upepo, uzito na matokeo andika kwenye daftari lenye kurasa zilizoshonwa. Na chagua ufukwe usio na watu. Sisi tulikwenda siku tatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, na bado mama mmoja aliyekuwa anaanua dagaa alituuliza kama tumerukwa na akili.

Hatua ya 4: Tafuta kama wenzako walishatangulia

Kazi hii ni bure na inafanyika kwenye simu, ingawa kompyuta ni afadhali. Ingia kwenye hifadhi za hataza mtandaoni: Patentscope ya WIPO, shirika la dunia la haki za ubunifu, au Espacenet ya Ulaya. Kutafuta kwa maneno matupu kutakuzamisha, tumia alama za makundi ambazo ofisi za hataza hupangia uvumbuzi. B63B 1/04 ni bodi moja, B63B 1/06 ni umbo la omo (mbele), B63B 1/08 umbo la tezi, B63B 1/10 ni vyombo vya bodi zaidi ya moja, kama ile mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja ya wavuvi wa dagaa. Propela kuwekwa ndani ya shimo au handaki iko B63H 5/16.

Nilipofungua hiyo ya mwisho nilinyamaza kwa muda. Handaki la propela limejulikana tangu karne ya 19, kwenye boti za mito yenye maji mafupi. Kwa maneno mengine, hata kama tusingechinja yule mbuzi, handaki peke yake lisingetupatia kitu. Mjomba hakulipokea vizuri. Alisema wale Wazungu walimwibia kabla hajazaliwa.

Usivunjike moyo hapo. Soma hizo hataza za zamani kama unavyosoma boti ya jirani: inashindwa wapi? Handaki za kale zinafanya vizuri boti ikiwa na mzigo. Boti ikiwa nyepesi, mdomo wa handaki unavuta hewa, propela inapiga kelele na nguvu inapotea. Nasi tuliona jambo hilo kila boti iliporudi tupu kutoka vijiji vya kusini. Tukaongeza mifereji miwili mifupi inayoanzia katikati ya tumbo na kukutana kwenye mdomo wa handaki, ili maji yalishwe humo hata boti ikiwa tupu. Tulitafuta tena tukilenga mifereji tu. Ndiyo tuliyoiandikia ombi.

Hatua ya 5: Pima na uchore

Fundi wetu hubeba umbo kichwani, na ofisi ya hataza haisomi vichwa. Weka boti au modeli ikiwa sawa kwa pimamaji. Vuta kamba ya katikati kutoka omo hadi tezi, ugawe urefu sehemu 10. Kila sehemu ishushie timazi, kisha pima umbali kutoka mstari wa katikati hadi ubao, katika vimo kadhaa kuanzia mkuku kwenda juu. Jedwali la namba hizo ndilo umbo lako. Mtu wa Bujumbura au Mpulungu ambaye hajawahi kukuona ataweza kuichonga boti yako kwa jedwali hilo.

Chora kutoka ubavuni, kutoka chini, na makata ya mbele na nyuma. Picha za simu hazitoshi. Kila sehemu ipewe namba, mkuku 1, handaki 2, mfereji wa kushoto 3 na kuendelea, na namba hizo zitumike hivyo hivyo kwenye maelezo.

Hatua ya 6: Andika madai, na hapa usiharakishe

Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwenye hataza marejeo ni kwenye madai. Maelezo yako yawe na kurasa 30, michoro yako ipendeze vipi, kinacholindwa ni kile kilichotajwa ndani ya madai. Rasimu yetu ya kwanza ilisomeka hivi:

"Boti ya mbao ya mita 9 yenye handaki na mifereji miwili ya sentimita 6."

Hilo ni dai la kujifunga kamba mwenyewe. Anayenakili atatengeneza ya faiba, au ya mita 10, au mifereji ya sentimita 7, na atakuwa nje ya uzio wako. Tulipolirekebisha likawa:

"Bodi ya chombo cha majini yenye handaki la propela kwenye tezi, inayotofautishwa na kuwa tumbo lake lina angalau mfereji mmoja kila upande wa mstari wa katikati, kila mfereji ukianzia mbele ya mdomo wa handaki na kuishia ndani ya mdomo huo, na ukiongezeka kina kadiri unavyoelekea nyuma."

Mbao imeondoka, mita zimeondoka. Kimebaki kile kinachofanya kazi. Chini yake yakafuata madai madogo yanayoegemea hilo la kwanza: kina cha mfereji kwa uwiano na upana wa bodi, kwa kipimo cha kuanzia hapa hadi pale, pembe ya kuingia handakini, kifuniko kinachoweza kutolewa. Dai la kwanza likikataliwa kwa kuwa pana mno, haya madogo ndiyo mataruma yanayoshikilia bodi isiporomoke. Tumia uwiano kuliko vipimo kamili, na kila uwiano unaoudai uwe umeueleza kwenye maelezo, kwa sababu baada ya kuwasilisha huruhusiwi kuongeza jambo jipya.

Andika kwanza kwa Kiswahili, lugha unayofikiria nayo, ndipo utafsiri, kwani ombi lenyewe litakwenda kwa Kiingereza. Kama una hela ya kumlipa mtaalamu wa hataza kwa kipande kimoja tu cha kazi, mlipe asome madai.

Hatua ya 7: Amua uwasilishe wapi

Ombi lina fomu, maelezo, madai, michoro na muhtasari. BRELA hupokea kwa mtandao kupitia mfumo wake wa ORS, hivyo huna haja ya kupanda treni kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya hilo. Andaa namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Kwa ubunifu mdogo upo pia ulinzi wa daraja la chini ya hataza, wenye masharti mepesi na muda mfupi zaidi. Kwa boti ya mbao ambayo mtindo wake utapitwa baada ya miaka michache, mimi ningeanza na huo.

Hataza hulinda ndani ya nchi iliyoitoa tu, na ziwa letu la Tanganyika lina nchi nne. Ombi moja la ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare, linaweza kutaja Tanzania na Zambia pamoja. Burundi na Kongo hazimo ARIPO. Huko unaomba nchi kwa nchi. Ukiwasilisha Tanzania leo una miezi 12 ya kuwasilisha kwingine ukabaki na tarehe yako ya kwanza, kwa Mkataba wa Paris ambao Tanzania imo tangu 1963. Ukitaka mbali zaidi, kuna njia ya PCT, mkataba wa kuombea nchi nyingi kwa ombi moja, na hapa wengi hawajui: mtu binafsi aliye raia na mkazi wa nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwemo, hupunguziwa ada ya kimataifa ya kuwasilisha kwa asilimia 90.

Mkataba huo huo wa Paris una kipengele ambacho mtu wa bandarini lazima akijue. Chombo cha nchi nyingine mwanachama kikiingia kwa muda kwenye maji yako, kikiwa na uvumbuzi wako kwenye bodi yake na kwa matumizi yake chenyewe, hakijavunja haki yako. Boti iliyochongwa Uvira, Kongo, ikija kushusha mzigo Kigoma na kuondoka, huwezi kuifungia kamba. Akiichonga mtu Katonga, hapa hapa Kigoma, hapo ndipo una neno.

Hatua ya 8: Baada ya kupata namba ya ombi

Sasa unaweza kuishusha. Lakini hataza haikupi ruhusa ya kubeba abiria. Usajili na ukaguzi wa usalama ni wa TASAC, Shirika la Wakala wa Meli Tanzania, na mkaguzi hajali kama umbo ni jipya, anajali kama litapinduka.

Kisha mkumbuke Lincoln, aliyepata hataza lakini kifaa chake hakikuingia sokoni, ujiulize kama unataka kweli kuendelea kulipia. Huko Florida, kampuni ya Bonito Boats ilitoa boti ya faiba mwaka 1976 bila kuomba hataza ya bodi. Wengine walikuwa wanaichukua boti iliyokamilika, wanaifanya moldi, wanamwaga faiba yao. Mwaka 1983 jimbo likatunga sheria ya kukataza mchezo huo, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha: umbo lililoachwa wazi bila hataza ni la wote. Hadi mwaka 1998 ndipo Bunge la Marekani likatunga ulinzi maalumu wa maumbo ya bodi, wa miaka 10. Sisi huku hatuna sheria ya namna hiyo, kwa hiyo usitegemee huruma ya mtu.

Kwa fundi anayetoa boti mbili kwa mwaka, huenda ikafaa zaidi kusajili alama yake ya biashara, aigonge kwenye omo, na kuwahi wateja. Hataza inalipa pale umbo linapoweza kutengenezwa na karakana nyingi, ukazipa leseni. Sisi tulichagua leseni kwa kila boti: fundi analipa mara moja boti inapokamilika, anapewa vibao vya kupimia mifereji na bamba lenye namba. Wawili wameshasaini, mmoja bado anaomba kupunguziwa bei kila Ijumaa baada ya swala.

Ada ya kila mwaka isipolipwa haki inakufa, na hapo hata lile bamba haliwi na maana. Tarehe yake mjomba ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye daftari la madeni ya mbao, ukurasa wa kwanza, juu ya jina la mtu anayemdai zaidi kuliko wote.